Kupungua uzito polepole

Kupungua uzito polepole ni hali ya mtu mnene kupoteza kilo chache kuliko alivyotarajia, au kukwama kabisa kwa wiki kadhaa, ingawa amepunguza chakula na anafanya mazoezi mara kwa mara. Humpata karibu kila anayejaribu kupungua na kwa kawaida si dalili ya ugonjwa wala ya uvivu. Madhara yake makubwa hutokana na kutoeleweka: wengi huacha juhudi zilizokuwa zikifanya kazi, wengine hugeukia dawa za hatari.

Nchini Tanzania suala hilo linazidi kuwa na uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani uwiano wa uzito na urefu wa 25 au zaidi.

Hesabu ya mlimani

Mji wa Morogoro uko chini kabisa ya Milima ya Uluguru, na kupanda kuelekea Morningside, penye nyumba ya zamani ya wakati wa Wajerumani, ni zoezi linalojulikana na wenyeji, wanafunzi na wageni. Mlima unafaa kwa mfano kwa sababu kazi ya kupanda inaweza kukokotolewa kwa fizikia ya sekondari.

Mtu wa kilo 80 akipanda hadi kimo cha mita 500 juu ya alipoanzia, kazi ya kuinua mwili wake ni takriban kilojuli 390, sawa na kilokalori 94. Misuli hugeuza kuwa kazi robo tu ya nishati inayotumia, au chini kidogo. Nyingine hupotea kama joto. Hivyo kupanda huko kunagharimu kilokalori 400 hivi, mbali na zile za kutembea mbele na kushuka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kilokalori zipatazo 7,700. Basi zinahitajika safari kama 19 ili kumaliza kilo moja, tena kwa sharti kwamba mpandaji asiongeze chakula. Chapati mbili kubwa na soda baada ya kushuka zinatosha kufuta safari nzima.

Mfano wa Wahadzabe

Hata hesabu hiyo inamtendea mpandaji kwa ukarimu, kama ulivyoonyesha utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Walitumia maji yenye atomu maalumu za hidrojeni na oksijeni, ambazo hufuatiliwa katika mkojo ili kujua mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku nyingi. Matokeo yalitolewa mwaka 2012 na kuwashangaza wengi: ingawa wanaume Wahadzabe walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, jumla ya nishati waliyotumia haikupita ile ya watu wa Marekani na Ulaya wenye miili ya ukubwa sawa.

Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu wengine wanabishana naye juu ya ukubwa wa mbano huo, lakini fundisho la msingi linakubalika sana: mazoezi pekee hupunguza uzito kidogo kuliko hesabu ya karatasini. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba Waluguru wanaolima miteremkoni na kushusha ndizi au mboga mjini ni wembamba kwa sababu ya kupanda tu. Chakula kina sehemu kubwa zaidi. Hilo halifanyi mazoezi kuwa bure. Yanashusha shinikizo la damu, yanasaidia insulini kufanya kazi, yanalinda misuli na kusaidia kilo zilizotoka zisirudi.

Jinsi mwili unavyojilinda

Uzito unapopungua, mwili mdogo unahitaji nishati ndogo, hivyo mlo uliokuwa ukipunguza kilo mwezi wa kwanza huweza kuwa mlo wa kutosha mwezi wa nane. Zaidi ya hapo, tishu za mafuta zinapopungua hutoa kwa uchache homoni ya leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman. Ubongo husoma upungufu huo kama njaa: hamu ya kula hupanda, na matumizi ya nishati hushuka kuliko inavyoelezwa na udogo wa mwili peke yake. Washindani wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, waliopimwa tena miaka 6 baadaye, bado walikuwa wakitumia kilokalori karibu 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa (2016).

Kanuni ya zamani iliahidi kwamba kila kilokalori 7,700 zinazopunguzwa huondoa kilo moja, bila mwisho. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walitoa makadirio ya kweli zaidi: kila kilokalori 24 zinazoondolewa katika mlo wa kila siku hatimaye hupunguza kilo moja, nusu yake katika mwaka wa kwanza hivi na karibu yote katika miaka 3. Anayeacha vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia kwa siku, kilokalori 240, angeahidiwa na kanuni ya zamani zaidi ya kilo 11 kwa mwaka. Kwa hesabu ya Hall atapata 5.

Kilo 5 kwa mwaka ni gramu 100 tu kwa wiki, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Maji ya mwilini hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kutokana na chumvi, hedhi, haja kubwa au mazoezi mapya. Wiki ya kwanza ya kujinyima huleta furaha ya uongo, maana wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini hutoka pamoja na maji yake. Mizani za kulipia za barabarani, zinazosomwa mtu akiwa na viatu na nguo, haziwezi kuonyesha gramu 100. Ni afadhali kutumia mizani ileile asubuhi, kulinganisha wastani wa mwezi na mwezi, na kupima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani.

Chakula kisichohesabiwa

Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 waliodai kula kidogo sana bila kupungua. Umetaboli wao ulikuwa wa kawaida. Walichoandika kuwa wamekula kilikuwa pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kweli. Si lazima iwe udanganyifu. Katika jiko la Kitanzania ni vigumu kuhesabu: watu hula sinia moja, mpishi huonja, na mchicha "wa diet" huungwa kwa nazi au karanga. Gramu 100 za karanga zina kilokalori zaidi ya 550, nyingi kuliko za ugali wa uzito huohuo mara tatu hivi. Tangu 2008 yapo majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, yaliyotayarishwa na chuo cha tiba cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard.

Magonjwa na dawa

Mara chache chanzo ni tezi ya thairoidi kufanya kazi kidogo, au homoni za ovari zilizovurugika. Dawa zinazoweza kuongeza uzito ni pamoja na insulini, steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, sindano ya uzazi wa mpango, na dolutegravir ya kufubaza VVU. Hakuna hata moja inayopaswa kuachwa bila kushauriana na mtoa huduma. Kuacha dawa ya VVU ni hatari kubwa kuliko kilo zenyewe.

VVU pia vimeacha alama katika namna watu wanavyoutazama wembamba. Miaka ya 1980, Ukimwi ulipoenea Uganda na Kagera, kukonda ndiyo dalili iliyoogopwa kuliko zote, na hadi leo mtu aliyefanikiwa kupungua huulizwa kama anaumwa. Wengine hurudia kula ili kunyamazisha maneno.

Bidhaa zinazouzwa kama chai au vidonge vya kuondoa kitambi kwa siku chache hazina budi kutiliwa shaka. Katika nchi mbalimbali baadhi ya bidhaa za namna hiyo, zilizoitwa za mitishamba, zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.