Litowa, Daftari la Baba na Kadi Niliyoirudisha

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katikati ya mhadhara kuhusu siasa ya vijiji, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, kama vijiji vya ujamaa vilikuwa na manufaa kwa wakulima, kwa nini mgambo walihitajika?" Nilimjibu kwa maneno niliyokuwa nikiyatumia kila mwaka: mazingira ya wakati ule, uharaka wa kupeleka huduma, makosa ya watendaji wachache. Darasa zima likainama kuandika. Yeye hakuandika.

Ndugu msomaji, wakati ule nilikuwa mwanachama hai, mwenye kadi iliyolipiwa ada. Nilizaliwa ndani ya chama kama wengine wanavyozaliwa ndani ya dini. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mikutano ya shina ilifanyika uani kwetu, na nyimbo za chama nilizijua kabla sijajua kusoma. Tena sitaki kusema kwamba nilidanganywa utotoni, maana si kweli. Nilisoma shule ya msingi bila wazazi wangu kulipa ada. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake katika darasa la watu wazima. Mtu anayeandika historia ya kukata tamaa na chama chake bila kutaja mema aliyoyapata humo anaandika hati ya mashitaka tu.

Lakini swali la yule kijana lilinikera, na nikaanza kusoma upya mambo niliyokuwa nikiyafundisha.

Nilianzia nyuma kabisa, katika milima ya Uluguru mwaka 1955. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu walikuwa na hoja: udongo ulikuwa ukiporomoka kweli. Hata hivyo watu waligoma, vurugu zikazuka Matombo, na damu ikamwagika. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilipata wafuasi wengi vijijini kwa sababu kama hizo. Usukumani nako wakulima walichoshwa na amri za kupunguza ng'ombe na kanuni za kilimo zenye faini. Hili tunalifundisha kwa fahari, na tuna haki. Ila hatulifikishi mwisho wake: wakulima wengi waliingia katika chama cha ukombozi kwa sababu kilisimama dhidi ya lazima, hata pale lazima hiyo ilipokuja na sababu nzuri za kitaalamu.

Kisha nikafika Litowa.

Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kulisikia jina hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikilipitia kwa sentensi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walikwenda porini, si mbali na Songea, wakaanzisha kijiji cha kulima pamoja. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Walishindwa, wakajaribu tena. Kijiji kilipokomaa, vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kinachojulikana zaidi kwa kifupisho cha RDA. Kufikia mwaka 1969 vijiji wanachama vilikuwa kama 17. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka, kiwanda cha kupasua mbao, na shule ambayo watoto walishiriki kuiendesha na kulima chakula chao. Anayesoma "Elimu ya Kujitegemea" ya Machi 1967 na kisha akasoma habari za shule ya Litowa ataona undugu uliopo baina ya hivi viwili.

Jambo lililonishika si mashine wala shule. Ni namna walivyoamua mambo yao. Shamba lilimwe wapi, mapato yagawanywe vipi, nani apelekwe mafunzoni: haya yaliamuliwa katika mkutano wa kijiji na watu watakaobeba matokeo yake. Mtu aliyetaka kuingia alipimwa na wenzake. Aliyetaka kuondoka aliondoka. Hapakuwa na amri kutoka mkoani. Huu ulikuwa ujamaa hasa, na Mwalimu Nyerere aliupenda, akausifu na kuusaidia kwa miaka kadhaa.

Viongozi wa mkoa hawakuupenda. Mwanakijiji aliyezoea kuulizwa maoni huanza kuuliza maswali, na vijiji vya RDA vilikuwa na desturi ya kukataa ushauri usiowafaa, hata ulipoletwa na gari la serikali. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba RDA ivunjwe. Mali zake zikachukuliwa, mashine zikaondolewa, washauri na walimu wakatawanywa. Sababu, ukiondoa mapambo yote ya lugha, ilikuwa kwamba kuanzia hapo ujenzi wa ujamaa ungekuwa kazi ya chama.

Nilisoma habari hizo usiku, ofisini, nikabaki nimekaa. Kama Litowa ingevunjwa na wakoloni, tungekuwa na sanamu yake Songea. Kama ingevunjwa na mabepari, ningekuwa nimeandika tasnifu juu yake. Ilivunjwa na chama changu, nami nikaipa sentensi moja.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Mwaka 1968, katika "Uhuru na Maendeleo", Nyerere alikuwa amesema waziwazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, baada ya kukabiliana naye shambani. Akaubeba mwili hadi polisi mjini, na baadaye akanyongwa. Simtetei muuaji. Nasema tu kwamba dalili ilikuwapo, na nchi iliisoma kama uhalifu wa mtu mmoja. Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliagiza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni wakahamishwa. Mei 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa, vingine vikiwa na mizizi iliyotangulia uhuru wenyewe. Ule wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulianza mwaka 1933. Mwaka 1984 Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Nampa heshima yake kwa hilo. Viongozi wanaokiri si wengi.

Basi likizo ilipofika nikaenda kijijini kumwona baba.

Nilijua kwamba mwaka 1974 alikuwa na daftari. Kila mtoto wa nyumbani alilijua, lenye jalada gumu jeusi, lililokaa juu ya kabati pamoja na Biblia. Nilimwuliza liliandikwa nini. Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Majina, mwanangu. Waliokwisha kuhama na waliokuwa bado." Nikamwuliza waliokuwa bado walifanywaje. Akanieleza habari za shangazi yake, mjane, aliyekuwa na mgomba wake bondeni na kaburi la mumewe pembeni ya nyumba. Siku zilipokwisha, baba alikwenda na wenzake wakaezua paa lake, ili asipate mahali pa kurudi. Mvua zilikuwa zimekaribia. Alipelekwa kwenye kiwanja kilichopimwa kando ya barabara, ambapo udongo ulikuwa wa kichanga na ndizi hazikukubali.

"Lakini jambo lenyewe lilikuwa jema," alisema baba. "Zahanati ilijengwa. Shule uliyosoma wewe ilijengwa palepale."

"Kama lilikuwa jema, Baba, mbona hamkumwacha achague?"

"Angekataa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nami nimeyatafakari maneno hayo kuliko kitabu chochote, kwa sababu yamebeba mantiki yote ya 1973, na ya matuta ya Uluguru pia. Angekataa, na angekataa kwa sababu alijua jambo ambalo daftari halikulijua. Alijua bonde lake, maji yake, na mwezi ambao ndizi zingemlisha wakati mahindi yamekwisha. Mwaka 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek aliandika makala kuhusu suala hilihili: kwamba ujuzi unaohitajika kuendesha uchumi umetawanyika katika vichwa vya watu wengi, kila mmoja na kipande chake, wala hakuna ofisi inayoweza kuukusanya wote. Nilipoisoma, sikumfikiria Hayek. Nilimfikiria bibi yangu yule, na udongo wa kichanga. Katikati ya miaka ya 1970 nchi iliagiza nafaka nyingi kutoka nje. Ukame ulichangia, sikatai, lakini wakulima walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba waliyoyajua.

Hivyo ndivyo nilivyoingia, polepole na bila kupenda, katika falsafa ambayo wenyewe huiita ulibertari. Kiini chake ni chepesi: mtu ni mmiliki wa nafsi yake na wa jasho lake, na yeyote anayetaka kumtumia nguvu, iwe serikali, chama au jirani, ndiye mwenye wajibu wa kujieleza. Wenzangu chuoni walinicheka. Mmoja aliniambia nimenunuliwa na mabepari. Nikamjibu kwamba basi wamechelewa kunilipa.

Nakiri kwamba baadhi ya watu niliowakuta upande huu hawanifurahishi. Wapo wanaosoma historia yetu kana kwamba shida ilikuwa watu kulima pamoja. La hasha. Litowa walilima pamoja kwa hiari, na palipo na hiari sina ugomvi na ujamaa wa mtu yeyote. Wapo pia wanaoimba soko huria lakini hukaa kimya wafugaji na wakulima wanapoondolewa ili kumpisha mwekezaji. Kwangu mimi paa lililoezuliwa kwa jina la soko ni paa lilelile. Na chimbuko la uwezo huo wa kuezua ni la zamani: sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1923 iliiweka ardhi chini ya Gavana, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Cheo kimebadilika, na haki za kimila zimepata ulinzi zaidi, lakini neno la mwisho halijashuka hadi kwa mwenye jembe. Kuna suala moja ambalo bado sijalitatua: nani angemfundisha mama yangu kuandika? Ushirika, kanisa, kijiji chenyewe, huenda. Litowa walijiendeshea shule. Lakini Litowa haikuwa kila mahali, nami sipendi kujifanya kwamba nina jibu.

Jambo la mwisho lililonisukuma lilikuwa kusoma upya kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Utotoni niliishangilia. Niliposoma sheria yenyewe nikakuta mahakama maalumu, watuhumiwa wasio na dhamana wala wakili. Bidhaa zilikuwa hazipo madukani kwa sababu bei zilipangwa ofisini na mipaka ilifungwa. Mwaka uliofuata serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, zilionekana tena. Wapo waliokamatwa ambao walikuwa wezi. Wapo waliokuwa na magunia tu.

Nikarudisha kadi. Hapakuwa na kishindo. Katibu wa tawi aliipokea, akaniuliza kama nina hakika, akaitia katika droo. Nilipomweleza baba, hakukasirika kama nilivyoogopa.

"Umehamia chama gani?"

"Sijahamia, Baba. Sina chama."

Akacheka. "Basi hata udiwani huwezi kugombea."

Mzee yule, balozi mstaafu, alikuwa ameijua Katiba kuliko msomi wake. Tulipoingia katika vyama vingi mwaka 1992 tulibadili idadi ya milango, ila kila mwenye kutaka kuchaguliwa bado hana budi kupita katika mmojawapo. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi mwaka 1993, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akakubali kuwepo kwa mgombea binafsi. Bunge likaharakisha kubadili Katiba. Mahakama Kuu ikarudia msimamo huo mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapahapa Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Uchaguzi wa 2015 ukapita, wa 2020 ukapita, pasipo mgombea binafsi hata mmoja.

Daftari nililiomba, akanipa. Jina la shangazi yake lipo ukurasa wa nne, na mbele yake, kwa mwandiko mzuri wa baba, limeandikwa neno moja: "Amehamia."