Ganzi: toka Karonga mpaka ndani ya ubongo

Leo historia kidogo, ila ya kwetu kabisa.

Ukitoka Kyela ukavuka mto Songwe, umeshaingia Malawi, na Karonga ipo pale mbele ufukweni mwa ziwa. Mwaka 1979 ulianza huko utafiti mkubwa wa ukoma, watu wakawa wanapimwa nyumba kwa nyumba. Kati ya 1986 na 1989 zaidi ya watu laki moja waliingia kwenye jaribio la chanjo. Majibu yakatoka 1996: waliorudiwa BCG mara ya pili walipata ukoma karibu nusu tu ya wenzao wa chanjo moja. TB yenyewe wala haikupungua!

Kijijini utasikia ukoma "unakula" vidole. Jamani, hauli. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Hansen kule Norwei mwaka 1873, anapenda sehemu za baridi za mwili. Anaingia kwenye neva za ngozi na kuziharibu. Mama anaepua sufuria ya moto mikono mitupu, hasikii kitu. Kidonda kinaoza, kidole kinapotea.

Sasa kichwani je? Mwaka 1957 Vernon Mountcastle wa Baltimore alichapisha kazi aliyofanya kwa paka. Alipenyeza sindano nyembamba mno kwenye ubongo, huku ngozi inaguswa. Akakuta seli zimejipanga kwa safu za kwenda chini, na kila safu inaitika sehemu moja ya mwili, tena kwa mguso wa aina moja. Safu hii inaamka unywele ukiguswa, ya jirani kiungo kikikunjwa.

Miaka ya 1980 Merzenich na Kaas wakakata neva moja ya mkono wa kima. Seli zilizokosa habari hazikukaa bure, baada ya muda zikaanza kuitika sehemu nyingine za mkono uleule. Mimi hapo ndipo niliposhangaa: ubongo unasonga mbele, kidole kinabaki bila mlinzi.

Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "angalia usiungue" hakutoshi. Inabidi macho yake yafanye kazi ya ngozi, akague mikono na nyayo kila jioni. Dawa mseto, zilizopendekezwa na WHO mwaka 1981, zinaua bakteria na ni za bure, lakini neva iliyokwisha kufa mara nyingi hairudi. Kwa hiyo kuwahi ndiyo kila kitu, na kipimo cha kwanza hakitaki hata umeme: mtu anafumba macho, unaligusa lile baka kwa pamba, naye anaonyesha kwa kidole ulipogusa.