Risasi za Urani: Vita Viliisha, Vumbi Likabaki na Wenyeji

Wadau, leo tuongee historia kidogo. Mliokuwa mnafuatilia redio mwaka 1991 mnaikumbuka vita ya Ghuba. Iraq iliingia Kuwait Agosti 1990, na Februari 1991 Marekani na wenzake wakaitoa kwa mapigano ya nchi kavu ya saa 100 tu. Picha za magari na vifaru vilivyoungua kwenye barabara ya kutoka Kuwait kwenda Basra zilizunguka dunia nzima. Kitu ambacho wengi hatukuambiwa wakati ule ni kwamba baadhi ya vifaru vile vilitobolewa na urani.

Urani gani tena? Ngoja nieleze. Urani ikitoka ardhini, ni asilimia 0.7 tu ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya vinu vya umeme na mabomu ya nyuklia. Wanaichuja, wanachukua wanachotaka, yanabaki makapi. Makapi hayo ndiyo urani iliyopungua nguvu, na mionzi yake ni kama asilimia 60 ya ile ya urani ya kawaida. Tangu enzi za vita baridi Marekani ilikuwa imejaza maghala ya makapi haya, na kuyatunza ni gharama.

Wanajeshi wakayapatia kazi. Madini haya ni mazito balaa: ndoo ya lita 20 ukiijaza, inafika kilo 380 hivi. Ukichonga msumari wake na kuufyatua kwa kasi, unapenya chuma cha kifaru, na kadiri unavyopenya ndivyo ncha inavyozidi kujichonga yenyewe. Ukishaingia ndani unawaka moto. Katika vita ile ya 1991 zilitumika takriban tani 300, na ilikuwa mara ya kwanza silaha hii kutumika vitani kwa wingi namna hiyo.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye vumbi. Msumari ukigonga chuma, sehemu yake inaungua na kuwa vumbi laini sana. Likiwa nje ya mwili halina madhara makubwa, maana sehemu kubwa ya mionzi yake haipenyi hata ngozi. Likivutwa au kumezwa ndipo mambo yanabadilika: linaweza kukaa kwenye mapafu muda mrefu, na urani ikiingia kwenye damu kiungo cha kwanza kuumia ni figo. Kwa hiyo anayesema Iraq ilipigwa bomu la nyuklia anakosea, na anayesema hiki ni chuma tu kama vyuma vingine naye anakosea.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuonja walikuwa wanajeshi wa Marekani wenyewe. Zaidi ya 100 walikuwa ndani ya magari ya kivita yaliyopigwa na wenzao kwa makosa. Baadhi yao bado wana vipande mwilini. Wamekuwa wakipimwa huko Baltimore tangu miaka ya 1990, na mkojo wao umeendelea kuonyesha urani nyingi kuliko kawaida. Madaktari hawajaona ugonjwa mkubwa wa figo kwao, na hilo nalo tuliseme. Halafu Julai 1991 silaha ziliwaka moto katika kambi ya Doha, Kuwait, na askari wakaingia kufagia mabaki. Mwaka 1993 wakaguzi wa serikali ya Marekani wenyewe waliandika kwamba jeshi halikuwa limejiandaa vya kutosha kukabiliana na uchafu huu.

Hao angalau walikuwa na hospitali ya kuwafuatilia. Upande wa Basra, watoto walicheza juu ya vifaru vilivyokufa, na mafundi wa vyuma chakavu wakavikata wakauze. Nani aliwapima mkojo? Madaktari wa huko walianza kusema wanaona saratani ya damu na watoto wanaozaliwa na kasoro kuliko zamani. Wengine wakajibu kwamba visima vya mafuta viliungua na nchi ilikuwa chini ya vikwazo, utajuaje ni urani? Swali la haki kabisa. Lakini jibu lilihitaji vipimo vya mapema na ramani ya mahali palipopigwa, na wenye ramani ndio waliofyatua.

Angalia Kosovo. Mwaka 1999 ndege za NATO zilifyatua risasi kama 31,000 za aina hii. Idadi hiyo ilithibitishwa mwaka 2000, na wataalamu wa mazingira wa Umoja wa Mataifa walifika Novemba mwaka huo, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Hawakukuta uchafu ulioenea kila mahali, ila walikuta misumari ikiota kutu ardhini, wakashauri maji ya kunywa yaendelee kupimwa. Nchini Italia, askari waliorudi Balkani wakaanza kuugua saratani, na kelele zikawa kubwa Januari 2001. Mahakama za huko zimewahi kuamuru familia zilipwe fidia.

Na kusafisha kunawezekana. Montenegro ilikuwa na rasi moja, Arza, iliyopigwa mwaka 1999. Kuokota misumari na kuondoa udongo mchafu kuliingia hadi mwaka 2002.

Ubelgiji ilipitisha sheria ya kupiga marufuku silaha hizi mwaka 2007. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulianza kupitisha maazimio juu yake. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Israel zimekuwa zikipiga kura ya hapana. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani zote zilitangaza kuipa Ukraine risasi hizi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo walishaondoka zamani, nyasi bado zinaota juu ya misumari. Urani hii inachukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, kwa hiyo kusubiri iishe yenyewe tusahau.

Mimi naona aliyefyatua atoe ramani siku vita inapoisha, na gharama ya kusafisha iwe yake. Nyie mnaonaje?