Nani Aketi na Nani: Hoteli za Kula za Mji wa Bombay

Neno "hoteli" lina maana moja ambayo sisi wa pwani tunashirikiana na watu wa Bombay. Kwetu na kwao, aingiaye hotelini aghalabu hatafuti kitanda; anatafuta chai na kitu cha kutafuna. Si ajabu. Majahazi yalikwenda na kurudi baina ya bandari zetu kwa karne nyingi, na hata Sayyid Barghash, kabla hajatawala Unguja, aliishi Bombay uhamishoni tangu 1859 hadi 1861, baada ya kushindwa kumng'oa nduguye Majid. Lakini katika Bombay ya siku zile, mgeni mwenye njaa aliyeuliza wapi atapata chakula angejibiwa kwa swali jingine: wewe ni nani?

Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu. Kwa mujibu wa sheria za matabaka ya Kihindu, chakula kilichopikwa huchukua usafi au unajisi wa mkono uliokipika. Mtu wa tabaka la juu hakula cha mtu wa tabaka la chini, na wale walioitwa wasioguswa hawakuruhusiwa hata kugusa mtungi wa maji wa wengine. Waislamu walikuwa na mitaa yao ya nyama na mikate kuelekea Bhendi Bazaar. Waingereza walijifungia katika vilabu vyao. Kula nje kwa hiari, pamoja na watu usiowajua, kulikuwa jambo la aibu kidogo.

Wahamiaji ndio waliolegeza fundo hilo, nao walisukumwa na tumbo kuliko falsafa. Katika karne ya kumi na tisa walifika Bombay watu kutoka Yazd na Kerman, katika nchi ya Uajemi. Wengi wao walikuwa wafuasi wa dini ya Zarathustra, waliokimbia dhiki, dharau na jizya, kodi ambayo waliondolewa mwaka 1882 tu. Na njaa kuu ya miaka ya mwanzo ya 1870 iliongeza idadi ya wakimbizi. Jamaa zao Waparsi walikuwa wamekwishajikita India karne nyingi kabla. Hawa wageni, walioitwa Wairani, hawakuwa na mtaji mkubwa. Waliuza chai.

Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara wa Kihindu waliyaepuka maduka ya pembeni mwa barabara kwa kuyaona yana nuksi, Wairani wakayachukua kwa bei nafuu. Ikiwa ni kweli, basi nuksi ya mmoja ilikuwa riziki ya mwingine, kwani duka la pembeni lina milango miwili, na watu huliona kutoka kila upande. Ndani waliweka meza zenye vibao vya marumaru, viti vya mbao iliyopindwa na vioo vikubwa ukutani. Mezani palikuwa na chai nzito ya maziwa, mkate mgumu uitwao brun uliopakwa siagi, kima na mayai. Kyani ilifunguliwa mwaka 1904. Britannia, katika eneo la Ballard Estate, mwaka 1923, nayo hadi leo inasifika kwa pilau yake ya zereshki, zile tunda ndogo nyekundu zenye ukali.

Mwenye hoteli hakuuliza nasaba. Kwa kikombe kimoja cha chai karani, kuli, mwanafunzi na wakili waliweza kuketi chini ya panka moja. Hata hivyo, tusiitie chumvi hadithi hii. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya wasioguswa, alipokuwa profesa katika chuo kimoja cha Bombay kuanzia 1918, baadhi ya wenzake walipinga asinywe maji ya mtungi mmoja nao. Ikiwa profesa alitendewa hivyo, mfagiaji alitendewaje? Ndiyo maana Katiba ya India, iliyoandikwa na kamati aliyoiongoza Ambedkar mwenyewe na kuanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, haikutosheka kuharamisha ubaguzi kwa maneno ya jumla. Kifungu cha 15 kinataja waziwazi maduka, hoteli na nyumba za kulia. Sijui kama msomaji anaona uzito wake: taifa zima limeketi kuandika sheria yake kuu, na ndani yake limeweka meza ya chakula.

Wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikuwa na njia yao. Kiwanda cha kwanza kiliasisiwa mwaka 1854, na viwanda vilipozidi wanaume walimiminika kutoka vijiji vya Konkan wakiwaacha wake zao nyuma. Walilishwa katika khanawal: mwanamke alipika chumbani mwake kwa ajili ya wanaume kadhaa, wakamlipa mwisho wa mwezi. Huyu mpishi alinunua unga kwa mkopo wa riba nzito, na mshahara wa wateja ukichelewa, yeye ndiye aliyezama. Mwaka 1975 Prema Purao aliwaunganisha wanawake hao katika chama cha Annapurna ili wapate mikopo ya benki. Mgomo mkuu ulioanza Januari 1982 uliwatoa kazini wafanyakazi takriban robo milioni. Viwanda vingi havikuinuka tena, na kila mteja aliyerudi kijijini alikuwa sahani moja iliyopungua kwa mpishi wake.

Waliobaki mjini walikula vada pav, ambayo wengi humhesabia Ashok Vaidya, aliyeanza kuiuza nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966. Sisi tungesema ni kachori ndani ya boflo. Huliwa kwa kusimama, haina meza wala jirani.

Hoteli za mboga za watu wa Udupi, waliotoka kusini na idli na dosa zao, zilienea sana katikati ya karne ya ishirini; miaka ya mwisho ya 1960 baadhi yake zilishambuliwa na wafuasi wa chama cha Shiv Sena, waliodai kuwa wageni wa kusini wamewanyang'anya kazi. Zilinusurika. Za Wairani ndizo zilizopukutika, kwa kuwa ardhi ilipanda thamani na watoto waliosoma hawakutaka kuamka alfajiri kuchemsha maziwa. Kati ya mamia, zimesalia chache.

Bastani ilifungwa mwaka 2004. Ubao wake wa makatazo ndio uliompa Nissim Ezekiel shairi, naye mshairi alifariki Januari ya mwaka uleule. Arun Kolatkar, aliyefariki Septemba 2004, alikuwa na meza yake dirishani katika Wayside Inn, mtaa wa Kala Ghoda. Hoteli ambamo, yasemekana, Ambedkar naye alipenda kuketi na kuandika. Haipo tena. Kutoka dirisha lile Kolatkar aliandika shairi refu juu ya kifungua kinywa, na wanaokula ndani yake si wateja wa hoteli. Ni watu wa barabarani, waliokuwa wakila idli ng'ambo ya kioo.