USIACHE MBACHAO: KITI KIKUUKUU KATIKA HISTORIA YA GITEGA NA MUYINGA



Katika matoleo ya kumbukumbu tumezoea kuandika habari za mwaka tuliofika, mabomba ya maji yaliyotandazwa, madarasa yaliyojengwa na wageni waliotutembelea. Habari hizo ni za haki, zisisahauliwe. Safari hii tunaandika juu ya kiti. Ni kile kiti kikuukuu kilichonunuliwa sokoni mguu mmoja umevunjika, kikaunganishwa, kikapigwa msasa na vanishi, kikatandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na leo mgeni akifika ndicho anachokaribishwa.

Tuna sababu ya kuchagua jambo dogo kama hilo. Kuna dhana inayotembea kambini kwamba aliyepamba nyumba yake ameshatosheka, hastahili tena msaada. Kwa kuiogopa dhana hiyo, siku ya ukaguzi wako wanaopeleka kiti chao kizuri kwa jirani, wakakaa chini kwenye mkeka mpaka mkaguzi apite. Jambo hili ni la aibu kwa anayeficha na kwa anayefichwa pia. Kamati inaona kwamba dawa yake ya kwanza ni kuijua historia ya nchi hii iliyotupokea. Katika vilima vya Gitega na Muyinga, kupamba nyumba hakukuanza na wingi wa mali. Kulianza na vitu vilivyokuwa karibu, na mara nyingi na vitu vilivyobaki.

KABLA YA MSUMARI

Nyumba ya zamani ya Kirundi haikuwa na samani nyingi. Palikuwa na kigoda, ambacho Warundi hukiita intebe, kilichochongwa katika kipande kimoja cha gogo bila msumari wala gundi. Palikuwa na mikeka, vibuyu, vyungu na vikapu. Mafunjo ya mabondeni yalitoa mikeka. Udongo wa mabonde hayohayo ulitoa vyungu, na wafinyanzi walikuwa hasa Batwa, ambao walitia nakshi kwenye chungu kabla hakijachomwa. Wanawake walisuka agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka juu, kwa michoro ya rangi inayozunguka mwili wake. Kikapu hicho kilitunza nafaka na kupeleka zawadi, na kikiwa kitupu kilikuwa pambo la nyumba.

Majirani zetu wa Gisaka, mashariki ya Rwanda, ng'ambo ya mpaka, walikwenda mbali zaidi. Walipamba kuta za ndani kwa imigongo: kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikafinyangwa ukutani kwa mistari na pembe zilizoinuka, halafu kikapakwa rangi. Nyeupe ilitoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo mwekundu, na nyeusi kwenye majivu na utomvu wa mimea. Simulizi husema aliyebuni sanaa hiyo ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Yaani hata nyumba ya mwana wa mfalme ilipambwa kwa kitu kilichookotwa zizini.

Anayetaka kuona vyombo vya zamani vya Warundi kwa macho yake anaweza kwenda Makumbusho ya Taifa mjini Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Humo kuna vikapu, vyungu na vifaa vya nyumbani, vingine vya watu wa kawaida, vingine vya watu wa mwami. Akiendelea kidogo nje ya mji atafika Gishora, kwenye ngoma maarufu ambazo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ngoma hizo huchongwa kwa mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaozisemesha ngoma. Waswahili wa Tanzania huuita mringaringa. Mbao zake ni nzuri pia kwa meza na viti, hazipindi ovyo na hung'aa zikisuguliwa. Kwa hiyo atupaye kiti cha mti huo kwa kuwa kimechakaa anatupa mbao ya ndugu yake ngoma.

MBAO, RANDA NA MAFUNDI

Samani za mbao zilizoungwa kwa vipande zilikuja na wageni. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, na kwenye misheni vijana walijifunza kufyatua matofali na kupiga randa. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kwenda Gitega, ambayo wakati ule iliandikwa Kitega. Pamoja nao walifika askari, wachuuzi na mafundi wasemao Kiswahili kutoka pwani na Tanganyika. Boma lilihitaji milango, madirisha, meza na makabati.

Maneno yenyewe yanatueleza njia iliyopitiwa. Meza ni neno lililotoka kwa Wareno, sanduku lilitoka kwa Waarabu, na kabati kwa Waingereza. Kiswahili kiliyabeba kutoka pwani, na neno meza liliingia hata katika Kirundi. Msasa nao una asili yake: ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa pwani waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijawafikia.

Wabelgiji waliuchukua mji mwaka 1916, Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Bujumbura ikawa mji mkuu. Januari 2019 Gitega ikafanywa mji mkuu wa kisiasa. Kila penye ofisi pana uhamisho, na afisa anayehamishwa habebi kabati la milango mitatu. Huliuza au huligawa. Hapo ndipo kiti cha mkubwa kinapokuwa kiti cha mwalimu, kisha cha mkulima, kisha cha mtoto wake. Kila kinapobadili mikono hubadilishwa kitambaa, hugongwa msumari, hupakwa rangi mpya. Usidhani biashara ya vitu vilivyotumika ni ya maskini peke yao.

MIAKA YA SHIDA

Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, nyumba nyingi zilichomwa au kuporwa. Waporaji hawakuchukua fedha tu. Waling'oa mabati, milango na fremu za madirisha. Ni ushahidi mchungu wa thamani ya mbao katika nchi yenye misitu michache. Warundi wengi wa Muyinga walikimbilia Ngara, Tanzania, ambako si mbali.

Wakati huohuo Ngara ilikuwa inabeba mzigo mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Kila familia ilihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vilivyozunguka kambi vikabaki uchi. Somo la Ngara linatuhusu sisi moja kwa moja. Mkimbizi anayekata mti ili apate kigoda anaweza kumpotezea mwenyeji wake kilima kizima. Mkimbizi anayefufua kiti kikuukuu hakati hata tawi.

Julai 1996, baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, navyo havikusitishwa mpaka Januari 1999. Bidhaa za kutoka nje zikapanda bei. Katika hali kama hiyo msumari uliopinda hunyooshwa kwa nyundo na kutumiwa tena, na rangi iliyobaki chini ya kopo hutunzwa kama dawa.

Kuanzia mwaka 2002 misafara ya Warundi wanaorejea ilipita mpakani Kobero, Muyinga. Malori yalibeba watu pamoja na baiskeli, milango, vitanda na viti vyao. Kambi ya Lukole huko Ngara ilifungwa mwaka 2008. Tuwaelewe wale waliong'ang'ania mlango mmoja katika safari ya kurudi. Walijua kwamba nyumbani wataanza na kuta tupu.

SISI TULIOKUJA KUTOKA KONGO

Mwaka huohuo wa 2002 kambi ya Kinama ilifunguliwa huko Gasorwe, Muyinga, kwa ajili yetu Wakongo. Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya wenzetu walivuka tena mto Rusizi kutoka Kivu ya Kusini, wengi hawana kitu ila nguo walizovaa. Mwaka huo pia mikoa ya Burundi ilipunguzwa kuwa mitano, na Muyinga ikaingia katika mkoa wa Buhumuza. Mipaka ya ramani imebadilika, lakini mwanzo wa mkimbizi ni uleule: turubai, blanketi, mkeka, sufuria na dumu la maji.

Baada ya hapo kila mmoja hutafuta njia. Kopo la mafuta ya msaada hukatwa, likanyooshwa, likawa taa ya koroboi, sanduku au mlango. Gunia la unga hufuliwa, likawa pazia. Mama anayejua kufuma hununua uzi kidogo kidogo, akafuma vitambaa vya kutandika juu ya viti, ufundi uliopita mikononi mwa masista na akina mama wa parokia pande zetu zote. Wengi tulikotoka tulikuwa na viti vya libuyu, mbao ngumu ya Kivu. Hapa tunapata grevilea na mkaratusi, miti iliyoletwa kutoka Australia na kupandwa mashambani. Fundi mzuri haidharau mbao ya grevilea. Ikipigwa randa vizuri huonyesha madoadoa yake mazuri.

NAMNA KAZI INAVYOFANYWA

Mafundi huanza kwa kukagua. Kiti kinachotoa unga mbichi kwenye vitundu vidogo kina wadudu, kisiingizwe ndani kabla ya kutibiwa. Kiti kinachotikisika huhitaji kufunguliwa viungo, kukwanguliwa gundi ya zamani, kupakwa gundi mpya na kufungwa kwa kamba mpaka siku ya pili. Kugonga msumari juu ya kiungo kilicholegea ni kupasua mbao. Ufa mdogo hujazwa vumbi la mbao lililokandwa kwa gundi. Kisha hufuata msasa: mkali kwanza, namba 80, halafu 120, na mwisho 220, daima kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, mbao ikauke, ndipo vanishi ipakwe mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba.

Tahadhari mbili. Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto. Usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, fanyia kazi nje, watoto wakae mbali, na mabaki yafukiwe mbali na kisima. Pili, oili chafu ya gari huzuia mchwa, lakini haifai kwa kitanda cha mtoto wala meza ya chakula.

MANENO YA MWISHO

Waswahili walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Methali hiyo huwaonya wanaotupa chao kwa kutamani cha mpita njia, nasi tunaweza kuiongezea jambo moja: mbacha wako unaweza pia kutiwa viraka ukapendeza.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tunaomba hivi. Mkiingia nyumbani mkakuta kiti kinachong'aa, ulizeni kilinunuliwa bei gani na nani alikitengeneza, kabla ya kuandika kwamba familia ina uwezo. Mara nyingi mtaambiwa kilipatikana kwa bei ya kuni na kugharimu siku nne za kazi. Kiti hicho hakimshibishi mtoto. Humpa tu mahali pa kuandikia masomo yake na humpa mama yake heshima mbele ya mgeni. Na msaada unaofaa si mwingi: seti chache za randa, patasi na misumeno, zitumike kwa zamu.

Kwa wakazi wenzetu tunasema: msifiche tena viti vyenu. Mwacheni mkaguzi avione, mwelezeni mlivyovitengeneza, na wafundisheni vijana kazi hiyo kabla mikono inayoijua haijachoka. Na siku ya kurudi nyumbani ikifika, anayeweza kubeba kiti chake akibebe. Asiyeweza amwachie jirani mwenyeji, kikiwa kimetengenezwa vizuri.