Kirangozi wa Ofisi Ndogo

Katika ofisi nyingi za Tabora mjini malalamiko ni yaleyale: neti inakatakata. Chumba cha mbele inashika vizuri, kwa mhasibu hakuna kitu. Fundi akija huuliza kwanza ruta imewekwa wapi, na mara nyingi ataikuta sakafuni, nyuma ya kabati la chuma.

Naamini istilahi yenyewe inachangia. "Mtandao usiotumia waya" ni jina linalotaja kisichokuwepo tu, na anayelisikia hudhani kwamba waya ukiondoka, vizuizi vyote vimeondoka. Wazee walioipokea telegrafu isiyotumia waya waliiita simu ya upepo. Jina hilo linafundisha kazi: upepo huingia dirishani, hupungua nguvu ukutani. Mawimbi ya ruta nayo ni hivyo: yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta wa tofali na kufika mbali kuliko ya gigahezi 5, ambayo yana kasi zaidi lakini hufifia mapema. Bati na chuma huyarudisha yote.

Ruta nayo wengine huiita kipanga njia. Si baya, ila Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, ina neno lililokwisha kufanya kazi hiyo: kirangozi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika habari zake. Kirangozi alitangulia msafara na bendera, naye ndiye aliyeshika njia. Penye njia panda, ile isiyofuatwa iliwekewa alama ili wapagazi wa nyuma wasipotee. Ruta hufanya hivyohivyo kwa kila kifurushi cha data: husoma anwani, huchagua njia. Na Tabora yenyewe ilikuwa njia panda kubwa, mizigo kutoka Bagamoyo ikigawanyika, mingine Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ilipofika mwaka 1912 iliikuta kazi hiyo ikiendelea.

Njia ile ya misafara ilipitisha pia pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kuazima neno lake si kuisafisha. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mabingwa wa usafirishaji, na msamiati wao ni urithi wetu.

Kisha kuna kile kifaa cha pili, cha kufikisha mawimbi vyumba vya mbali, ambacho mafundi hukiita akses pointi. Jina "kituo" linatosha. Ofisi ya vyumba vitatu iwe na kirangozi juu ukutani katika chumba cha kati, kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza, na kituo katika chumba cha mwisho. Kituo kikipokea mawimbi hewani na kuyarusha tena hewani, kasi hupungua sana, hata nusu. Dawa yake ni kuvuta waya kutoka kwa kirangozi hadi kituoni, na hapo ndipo "usiotumia waya" linapomdanganya mteja kabisa, maana mtandao wa hewani ulio imara huanza na waya.