Kanuni za kemikali zilivyovipa vyuo vya Marekani kibarua kigumu

MNAMO Aprili 2007, Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitoa kanuni za kuzuia kemikali hatari zisiangukie mikononi mwa magaidi. Mkasa wa Oklahoma City wa 1995 ulikuwa haujasahaulika: mbolea iliyochanganywa na mafuta ililipuliwa ndani ya lori na kuua watu 168.

Walengwa wakuu walikuwa viwanda na maghala, lakini vyuo vikuu navyo havikusazwa. Taasisi yoyote iliyofikisha kiwango kilichowekwa cha mojawapo ya kemikali zaidi ya 300 ilitakiwa kujaza fomu mtandaoni katika muda wa siku 60.

Rasimu ya kwanza ilitaka kemikali kadhaa ziripotiwe hata zikiwa kiasi kidogo mno. Vyuo vililalamika, na kwa haki. Mwenye kiwanda hujua lilipo kila pipa. Chuoni, chupa moja imo katika idara ya kemia, nyingine katika biolojia, na ya tatu imesahaulika kabatini mwa mhadhiri aliyestaafu.

Orodha ya mwisho, iliyochapishwa Novemba 2007, ililegeza masharti. Haidrojeni peroksaidi yenye ukali wa asilimia 35 au zaidi ilipaswa kuripotiwa ikifika takriban kilo 181. Aidha, kemikali zinazohofiwa kwa kuvuja au kulipuka zilipotumiwa maabarani chini ya mtaalamu hazikuhesabiwa. Hata hivyo, msamaha huo haukugusa zile zinazoweza kuibwa. Kwa baadhi ya zile za kuundia silaha za sumu, gramu 100 kwa jumla zilitosha.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ya chuo ilikuwa kuhesabu: kila maabara, kila kabati, kila chupa. Taasisi zilizoonekana kuwa hatarini ziligawanywa katika madaraja manne, zikatakiwa kuandaa mpango wa ulinzi unaozingatia viwango 18, vikiwemo ua, kufuli na kuwachunguza wafanyakazi.

Bunge la Marekani liliacha sheria hiyo imalizike muda wake Julai 28, 2023. Tangu hapo serikali haikuweza kuvilazimisha vyuo kuripoti, wala kulinganisha majina ya wafanyakazi na orodha ya washukiwa wa ugaidi chini ya mpango huo.

Chupa, hata hivyo, zingali kabatini. Chuo kisichojua kina nini hakiwezi kutambua kilichoibwa.